Maswali ya Wasomaji: Kumsaka babu aliyekuwa kibarua wa shamba Uingereza

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu waliooa au kuolewa Uingereza, na wote wanamtafuta babu ambaye kila karatasi inamwita kibarua wa shamba. Malalamiko yao ni mamoja: mwenye ardhi ana hati na wasia, kibarua hana kitu. Nusu ya malalamiko hayo ni ya haki. Kibarua hakuandika, ila aliandikwa, na aliandikwa kwa urefu zaidi pale alipowagharimu wengine fedha.

SWALI: Mama mkwe wangu anakaribia kutimiza miaka 75 na wanawe wanataka kumzawadia mti wa ukoo. Kitu pekee alicho nacho ni karatasi isemayo kwamba babu wa babu yake aliitwa William Brown, alizaliwa Norfolk karibu mwaka 1838, akawa kibarua wa shamba. Kwenye intaneti akina William Brown hawahesabiki, na mmoja ana mti tayari uliofika hadi mwaka 1600. Niuchukue?
Mkaza mwana, Norwich

JIBU: Usiuchukue, dada. Mti wa familia ya vibarua uliofika mwaka 1600 bila kueleza umefikaje, mara nyingi ni kazi ya mtu aliyekuwa akibofya tu: kaona William Brown wa Norfolk, kaona aliyedhaniwa kuwa baba yake, kaendelea. Norfolk ina mamia ya vijiji, na kila kijiji kingeweza kuwa na William Brown wake. Jina peke yake halimtambulishi mtu wa namna hii. Kinachomtambulisha ni kijiji chake, mke wake, na ndugu zake waliomtangulia na waliomfuata.

Anza kwa mama mkwe mwenyewe, upande ngazi moja moja. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina ya wazazi wake, pamoja na jina la ukoo la mama yake kabla ya kuolewa. Kwa majina hayo tafuta ndoa yao. Cheti cha ndoa kinamtaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, na kazi ya kila mmoja. Umeshapanda kizazi. Rudia: kuzaliwa, ndoa, kuzaliwa, ndoa. Kwa karne ya 20 una vya kuhakikia viwili, daftari la wakazi la Septemba 29, 1939, lenye tarehe za kuzaliwa, na sensa ya Juni 1921. Sensa ya 1931 usiihangaikie, iliteketea kwa moto.

Kutoka 1911 kurudi nyuma, sensa zipo kila baada ya miaka kumi hadi 1841, na humo ndimo utakamomwona William akiwa mzee, kisha mtu mzima, kisha kijana. Mfuate bila kuruka hata moja. Iliyo muhimu kwako kuliko zote ni ile ya usiku wa Machi 30, 1851, kwa sababu hapo ana miaka 12 au 13 na huenda bado yuko kwa wazazi wake. Usipomkuta nyumbani, mtafute kwenye mashamba ya jirani: wavulana wa umri huo wengine walikuwa wameshaanza kulala kwa mwajiri, na kwenye sensa wameandikwa watumishi.

Jina la baba yake utalipata kwenye ndoa. Usajili wa serikali ulianza Julai 1, 1837, na tangu siku hiyo fomu ya ndoa ina nafasi ya jina na kazi ya baba. Isome kwa tahadhari. Penye umri, makasisi wengi waliandika tu kwamba mtu ni wa umri kamili, maana yake ametimiza 21. Anaweza kuwa na 21 au 60. Na baba asipoandikwa marehemu, usidhani yu hai. Mara nyingi hakuna aliyeuliza.

Halafu cheti cha kuzaliwa. Faharisi ya zamani ya Ofisi Kuu ya Usajili, yaani GRO, haikuonyesha jina la ukoo la mama hadi robo ya Septemba 1911, yaani Julai hadi Septemba. Faharisi mpya iliyo kwenye tovuti ya GRO inalionyesha tangu 1837, na hilo limebadilisha kazi nzima. Ukishajua kwamba mdogo wake William, kwa mfano, mama yake alitoka ukoo wa Howes, unatafuta watoto wote wa Brown na Howes katika wilaya ile, na familia inajipanga mbele yako.

Neno wilaya lielewe vizuri. Faharisi haitaji kijiji, inataja wilaya ya usajili, na wilaya zilichorwa kufuata miungano ya parokia iliyoundwa kwa ajili ya maskini, bila kujali mipaka ya kaunti. Mtoto wa Brandon, mji mdogo wa Suffolk, yuko chini ya Thetford, ambao ni mji wa Norfolk. Mtoto wa Soham, Cambridgeshire, yuko chini ya Newmarket, mji wa Suffolk. Watu hupoteza miezi wakitafuta kwenye kaunti sahihi na wilaya isiyo yake.

Huenda William asiwemo kabisa. Hadi mwisho wa 1874 ilikuwa kazi ya msajili kuwafuata wazazi. Ni kuanzia Januari 1875 ndipo sheria iliwabana wazazi wenyewe, na watoto wa miaka ya mwanzo wengine walipita bila kuandikwa. Hapo rudi kwenye daftari la ubatizo la kanisa. Usishangae pia ukikuta mtoto aliyebatizwa kabla ya tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye cheti. Mzazi alikuwa na siku 42 za kusajili bila malipo, na aliyechelewa alisogeza tarehe mbele ili aingie ndani ya siku hizo.

Jambo la mwisho kabla ya kuliandika jina kwenye mti: tafuta kama William huyo alikufa mtoto. Pitia vifo na maziko ya wilaya ile kwa miaka kumi baada ya kuzaliwa kwake. Faharisi mpya ya GRO inaonyesha umri wa marehemu tangu 1837. Kosa linaloharibu miti mingi kuliko mengine ni kumpa wajukuu mtoto aliyezikwa na miezi minane. Na familia ikifiwa na William, mvulana aliyefuata mara nyingi alipewa jina lile lile, kwa hiyo cheti sahihi kinaweza kuwa cha miaka miwili baadaye.

SWALI: Sensa ya 1841 inasema mtu wetu ana miaka 30. Ya 1851 inasema 44. Ni yule yule kweli? Mwanamke anayeishi naye 1841 haikuandikwa kama ni mkewe. Na hii «Ag. Lab.» iliyojaa ukurasa mzima ni nini?
Mkwe wa Suffolk, Nairobi

JIBU: Anaweza kuwa yule yule, tena bila uongo wowote. Mwaka 1841 makarani waliagizwa kwamba umri wa kila mtu aliyepita miaka 15 ushushwe hadi kwenye tano ya chini yake. Kwa hiyo 30 maana yake ni kati ya 30 na 34. Mtu aliyezaliwa Novemba 1806 alikuwa na miaka 34 sensa ilipopita Juni 6, 1841, akaandikwa 30; Machi 30, 1851 alikuwa na 44. Si makarani wote waliofuata agizo. Tazama ukurasa mzima: umri wa watu wazima wote ukiishia na 0 au 5, karani wako alishusha.

Sensa hiyo ya 1841 haitaji uhusiano wa watu wa nyumba moja. Mwanamke anaweza kuwa mke, dada au mke wa baba, na watoto wanaweza kuwa wa ndugu. Mstari mmoja wa mshazari pembeni ya majina unafunga familia, miwili inafunga nyumba. Mahali pa kuzaliwa ni herufi tu, Y kama ni kaunti ile ile, N kama sivyo. Kisha iliandikwa kwa penseli, na kurasa nyingine zimefifia hadi inabidi uongeze weusi wa picha kwenye kompyuta ndipo usome. Ichukue kama dokezo, uthibitishe kwa ile ya 1851, inayotaja uhusiano, umri kamili na parokia ya kuzaliwa.

«Ag. Lab.» ni kifupi cha makarani cha kibarua wa shamba. Mara nyingi utaona mstari mzito umepita juu ya neno hilo au juu ya umri, kiasi kwamba 8 inaonekana 3. Huo haukuwa wa kufuta. Ni alama ya makarani wa London waliokuwa wakihesabu kazi na rika, wakitia mkwaju kila walipomhesabu mtu. Walionakili sensa kwa ajili ya tovuti walidanganywa na mikwaju hiyo mara kwa mara, kwa hiyo fungua picha ya ukurasa wenyewe kila unapoweza.

SWALI: Mke wangu ni wa Wiltshire. Babu wa babu yake, kibarua, kwenye sensa ya 1851 ametaja kijiji kimoja alikozaliwa, 1861 kingine, 1871 kingine tena. Madaftari ya ubatizo ya vijiji vyote vitatu nimeyapekua, hayumo. Alikuwa anaficha nini?
Shemeji wa Wiltshire, Mombasa

JIBU: Huenda hakuficha kitu. Karani wa sensa aliandika alichoambiwa, na aliyejibu mlangoni anaweza kuwa mke, ambaye alijua mumewe alikulia wapi, si alizaliwa wapi. Wengine walitaja mji mkubwa wa karibu kwa sababu karani hakukijua kitongoji chao. Chukua ramani, weka alama kwenye vijiji vyote vitatu, kisha chora duara la kilomita 15 hivi kuvizunguka. Kibarua aliyehama kila mwaka kwa kawaida hakwenda mbali. Alizunguka kutoka shamba hadi shamba, mara nyingi katika vijiji ambavyo mtu angeweza kutembea kwa miguu siku ya soko. Parokia zote zilizomo ndani ya duara ndizo za kupekua.

Ukipekua ubatizo, kumbuka mambo matatu. Kwanza, tangu Januari 1, 1813 ubatizo uliandikwa kwenye fomu zilizochapwa, watoto wanane kwa ukurasa, na fomu ina jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi na kazi ya baba. Haina tarehe ya kuzaliwa, isipokuwa kasisi alipoamua kuichomeka pembeni. Familia nyingi zilipeleka watoto wanne au watano siku moja, mkubwa akiwa na miaka tisa, kwa hiyo endelea miaka kumi mbele ya mwaka unaoutarajia. Pili, daftari likiwa limeoza au limeliwa na panya, kila mwaka nakala ilipelekwa kwa askofu. Nakala hizo zipo, na zina makosa yake. Tatu, vibarua wengi hawakuwa watu wa kanisa la serikali, yaani Anglikana. Wamethodisti wa Awali walipendwa sana mashambani, nao walikuwa na madaftari yao. Madaftari ya makanisa kama hayo yaliyokusanywa na serikali kuanzia 1837 yako Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kwa namba RG 4.

Kama bado hayumo, acha kanisa uende kwenye fedha za maskini. Hapa ndipo kibarua anaposema kwa kinywa chake.

Tangu sheria ya 1662, kila maskini alihesabiwa kuwa wa parokia moja, na parokia hiyo pekee ilipaswa kumsaidia akikosa kazi, akiugua au akizeeka. Mke alifuata parokia ya mume, mtoto ya baba. Mtu mzima angeweza kupata parokia mpya kwa njia chache: kujifunza ufundi kwa mkataba huku akiishi hapo siku 40, kuajiriwa mwaka mzima akiwa hajaoa na kuumaliza, au kupanga nyumba au shamba la pauni 10 kwa mwaka. Pauni ilikuwa shilingi 20, na ndiyo shilingi hiyo tuliyoirithi jina. Kibarua wa kusini aliyelipwa shilingi 7 au 8 kwa wiki alipata takriban pauni 20 kwa mwaka. Nani angetoa nusu kwa kodi ya nyumba? Ikabaki ajira ya mwaka, na wakulima walilijua hilo. Walimwajiri kijana kwa wiki 51, wakamwambia arudi kwao wiki moja kisha aje tena, ili mwaka usitimie na parokia isimbebe uzeeni. Njia hii ya ajira ilifungwa kwa walioajiriwa baada ya sheria mpya ya maskini ya 1834, lakini aliyeipata kabla ya hapo aliendelea nayo.

Parokia ilipoona mgeni anaelekea kuomba msaada, ilimpeleka mbele ya mahakimu wawili wa amani ahojiwe. Karatasi ya mahojiano hayo ni ya thamani kuliko cheti chochote. Inasema alizaliwa wapi kadiri alivyosikia, baba yake alikuwa wa parokia ipi, akiwa na miaka mingapi aliajiriwa na mkulima nani, kwa mshahara gani, kama alimaliza mwaka au aliondoka siku tatu kabla, alioa wapi na nani, na watoto wake wanaitwa nani na wana umri gani. Chini yake kuna X aliyoichora mwenyewe, kando yake karani ameandika jina. Maisha ya miaka 30 kwenye karatasi moja, kwa sababu tu parokia mbili zilikuwa zinasukumiana nani atamlisha.

Parokia ikishinda, hutolewa hati ya kumwondoa, yenye jina la mume, mke na kila mtoto na umri wake, na mwangalizi wa maskini, yaani ofisa wa parokia aliyegawa msaada, anawasindikiza hadi parokia yao. Hati ilitengenezwa kwa parokia zote mbili, hivyo ukikosa nakala moja, tafuta ya upande wa pili. Parokia zikibishana, shauri lilikwenda kwenye mahakama ya kaunti iliyokaa mara nne kwa mwaka, na huko pia kuna majalada.

Kwa Wiltshire, karatasi za namna hii ziko katika kituo cha historia cha Wiltshire na Swindon, mjini Chippenham. Katika katalogi yao tafuta jina la parokia, si jina la mtu. Hati nyingi hazijaorodheshwa kwa majina. Omba hati za waangalizi wa maskini: mahojiano, hati za kuondolewa, vyeti vya makazi, na vitabu vya matumizi. Vitabu vya matumizi usivipuuze. Humo kuna jozi ya viatu kwa mtoto wa fulani, mzigo wa kuni, shilingi kadhaa kwa ugonjwa, sanda na jeneza. Kwa baada ya 1834 nenda kwenye mihutasari ya bodi ya muungano wa parokia, iliyosimamia nyumba ya maskini.

Angalia miaka. Sheria ya 1846 ilizuia kumwondoa mtu aliyekaa mahali miaka 5. 1861 ikawa 3, na 1865 ikawa mmoja. Babu yenu akiwa alihamahama kabla ya 1846, uwezekano wa kumkuta ni mzuri. Baada ya 1865 hati hizi zinapungua sana.

SWALI: Cheti cha kuzaliwa cha babu wa baba yangu, mwaka 1852, nafasi ya baba ina mstari tu. Lakini alipooa alitaja baba mwenye jina na kazi. Nimwamini nani?
Kitukuu, Leicester

JIBU: Usimwamini yeyote kwanza. Mstari maana yake mama hakuwa ameolewa. Kijana wa namna hiyo, alipofika mbele ya kasisi siku ya ndoa, aliona haya kuacha nafasi wazi. Wapo waliotaja baba halisi, waliotaja mume wa mama, waliotaja babu mzaa mama, na waliobuni mtu mwenye jina lao la ukoo. Linganisha jina lile na watu wa kijiji kwenye sensa ya 1851. Mume wa mama hupatikana haraka: tafuta ndoa ya mama katika miaka mitano baada ya kuzaliwa mtoto.

Tazama pia jina la kati. Mtoto wa kibarua aliyepewa jina la kati lililo la ukoo, mfano George Chilvers, mara nyingi mama alikuwa anasema jambo bila kulisema. Daftari la ubatizo nalo linaweza kuwa limemwandika baba ambaye cheti kilimnyima nafasi.

Karatasi yenye uzito ni ile ya fedha, kama tulivyosema. Kabla ya 1834 parokia yenyewe ilimbana baba atie saini dhamana ili mtoto asiwe mzigo wake, na dhamana hizo zimo katika hati za waangalizi. Kwa mtoto wa 1852 utaratibu ni mwingine: kuanzia 1844 mama alikwenda mwenyewe mahakama ndogo ya wilaya kumshitaki baba, na mahakama iliweza kuamuru malipo, kwa kawaida yasiyozidi shilingi 2 na peni 6 kwa wiki. Madaftari ya mahakama hizo hayakuhifadhiwa kila mahali. Yakikosekana, fungua gazeti la kaunti la miezi sita baada ya kuzaliwa mtoto. Mashauri haya yaliripotiwa kwa mstari mmoja au miwili, majina yote yakiwa wazi. Vikishindikana vyote, kipimo cha vinasaba kitakuonyesha ndugu wa mbali, lakini bila kazi ya karatasi hutajua ni wa upande upi.

SWALI: Vyeti ni ghali, na nilinunua vitatu visivyo vyangu. Kuna njia ya kubana matumizi?
Msomaji, Toronto

JIBU: Ipo. Agiza kwa GRO moja kwa moja. Kampuni za kati huuza karatasi ile ile kwa bei ya juu. Kwa utafiti huhitaji cheti cha karatasi. Kwa uzazi wa zamani na vifo vya 1837 hadi 1887 GRO wanatoa picha ya dijitali kwa bei ndogo zaidi ya zote, na ndani yake mna kila kilichomo kwenye cheti. Ndoa hazitolewi hivyo, ni cheti cha karatasi tu. Lakini kwa ndoa iliyofungwa kanisani usinunue kabla ya kutafuta daftari la kanisa lenyewe, kwa maana lina habari zile zile pamoja na saini au X za wahusika wenyewe, na picha za madaftari mengi ziko kwenye tovuti za kulipia. Tovuti hizo maktaba nyingi za umma Uingereza huziruhusu bure, na vituo vya FamilySearch vilivyo nje ya Uingereza vina baadhi yake.

Za bure kabisa: FreeBMD kwa faharisi za usajili, FreeREG kwa madaftari ya kanisa, FreeCEN kwa sensa za kaunti kadhaa, na FamilySearch, ambako sensa ya 1881 imenakiliwa yote.

Kabla ya kulipia, andika unachotarajia kukuta: wilaya, robo ya mwaka, jina la ukoo la mama. Kukiwa na watoto wawili wanaofanana, tafuta kwanza nani kati yao alikufa mdogo. Robo ya mwaka ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Mtoto wa mwishoni mwa Novemba anaweza kuwa kwenye robo ya Machi. Ukikuta saa ya kuzaliwa imeandikwa kwenye cheti cha Kiingereza, uliza habari ya pacha, kwa kuwa kwa kawaida saa iliandikwa kwa mapacha tu.

SWALI: Majina yananichanganya. Jno na Jas ni nani? Na bibi mmoja ni Mary kwenye ndoa, Polly kwenye sensa.
Binti wa Dorset, Zanzibar

JIBU: Jno ni John, Jas ni James, Wm ni William, Thos ni Thomas. Alama ya «do» chini ya neno ni kusema kama hapo juu. Penye s mbili, ya kwanza iliandikwa ndefu, ndiyo maana Jesse wa kwenye karatasi anakuwa Jefse kwenye tovuti. Polly ni Mary, Sally ni Sarah, Nancy ni Ann, Patty ni Martha. Mtu asiyejua kusoma hakuwa na tahajia ya jina lake. Kasisi aliandika alivyosikia, na lafudhi za mashambani ziliiacha H ianguke. Ukoo wa Hoskins utafute pia kwenye O.

SWALI: Nimeshapata majina na tarehe zote. Wajukuu zangu, ambao baba yao ni Mwingereza, wananiuliza: babu huyo aliishije? Kuna la kuwaambia?
Bibi, Dodoma

JIBU: Lipo, bibi, na shikamoo. Anzia na shule. Tangu kanuni za elimu za 1862 shule zilizopokea ruzuku ya serikali zilitakiwa kuwa na kitabu cha kumbukumbu, mwalimu mkuu akiandika mara kwa mara kilichotokea. Vingi viko kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti. Mwalimu analalamika kwamba darasa ni tupu kwa sababu wavulana wameenda kuamia ndege mashambani, au watoto wote wako na mama zao wakiokota masazo baada ya mavuno, vile vile alivyofanya Ruthu katika Biblia. Likizo kubwa iliwekwa kufuata mavuno, na yakichelewa, ikasogezwa. Mtoto wa familia yenu akiwa na umri wa shule kati ya 1870 na 1900, kitabu hicho ndicho cha kuomba kwanza, pamoja na daftari la uandikishaji, ambalo huwa na tarehe ya kuzaliwa.

Halafu magazeti na mahakama. Kibarua alishitakiwa kwa sungura mmoja, kwa kuni zilizookotwa kwenye msitu wa bwana, kwa kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha. Akiwa kijana mwaka 1830 katika kaunti za kusini au mashariki, pitia orodha za waliokamatwa kwenye ghasia za Swing, vibarua walipovunja mashine za kupuria ngano zilizowanyima kazi ya majira ya baridi. Walionyongwa walikuwa 19, na karibu 500 walisafirishwa Australia. Orodha zinataja majina, umri na vijiji. Dorset, mwaka 1834, vibarua sita wa Tolpuddle walipelekwa huko kwa sababu ya kiapo cha chama chao cha wafanyakazi, mshahara wao ukiwa umeshushwa hadi shilingi 7 kwa wiki na kutishiwa kushushwa hadi 6.

Nyumba yake pia inaweza kupatikana. Baada ya sheria ya 1836 iliyogeuza zaka ya mazao kuwa fedha, takriban robo tatu ya Uingereza na Wales ilichorewa ramani kubwa yenye namba kwa kila kipande cha ardhi. Kitabu chake kinataja kwa kila namba mwenye ardhi, anayeikalia, jina la shamba na ukubwa wake. Kibarua hakuwa na ardhi, ila wakati mwingine yumo kama mkaaji wa kibanda na bustani ndogo. Asipokuwemo, tafuta safu ya vibanda iliyoandikwa kwa jina la mkulima na wengine. Linganisha mpangilio wa majina ya sensa ya 1841, mlango kwa mlango, na ramani hiyo, ukianzia nyumba ya mtu anayejulikana, mfano kasisi au mwenye baa. Karani alitembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba. Mfuate kwa kidole hadi umfikie babu. Ramani hizo ziko kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, namba IR 30, na kitabu chake ni IR 29.